Ukurasa Niliouruka

Simu ya Mwajuma ilinikuta namenya viazi vya chipsi kando ya barabara, hapa Sitalike, na kabla hajasema kitu nilishajua. Mwajuma, binti wa Mzee Mrisho, hakuwa amenipigia kwa miaka tisa. "Kabula," akasema, "baba katutoka jana alfajiri. Tumeshamzika. Keshokutwa tunaanua matanga." Hakusema njoo, wala hakusema usije. Nikabaki na kisu hewani, na dereva mmoja wa lori akaniuliza kama hizo chipsi ni za leo au ni za Krismasi iliyopita. Nikacheka. Ndivyo nilivyoumbwa, nacheka kwanza, mengine yanafuata. Lakini kuna mwaka mmoja nilicheka mahali ambapo mtu mwenye haya angenyamaza, na tangu hapo safari ya kwenda Mpanda mjini, ambayo haimalizi hata saa moja, ikanishinda miaka tisa mizima. Nilikuwa nawaambia watu biashara imenibana. Biashara gani ya viazi inambana mtu miaka tisa?

Nilikuwa na miaka ishirini. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza na matokeo ambayo tukubaliane tusiyataje. Nilipata kazi kwenye stationery moja Kashaulili, Mpanda mjini, nyuma ya soko: chumba kimoja, kompyuta mbili, na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikipata joto mpaka asubuhi za Julai wateja wanaiwekea viganja kama jiko. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao, na upande wa pili Bi Zuhura alikaanga sambusa, kwa hiyo barua zote za kuomba kazi zilizotoka Mpanda mwaka ule, naapa, zilinukia kitunguu. Juu ya kabati palikuwa na televisheni ndogo. Nilichapa huku nikiitazama. Tamthilia zote nilizijua, nani atamwacha nani, nani ni mtoto wa nani, na zile zilizoishia vibaya nilizitengeneza upya kichwani mwangu wakati nachapa kadi za harusi. Niliamini kabisa kwamba siku moja jina langu litapita pale chini ya kioo, herufi nyeupe, likipanda polepole. Sikuwa na mpango wowote wa kulifikisha pale. Nilikuwa na imani tu.

Mzee Mrisho aliingia siku ya mvua, na kaunta buku tatu ndani ya mfuko wa rambo. Alikuwa mrefu, amevaa balaghashia na koti la mvua, na macho yake yalikuwa na ukungu, maana mtoto wa jicho alishaanza kumla. Zamani alikuwa mpima tumbaku kwenye chama cha msingi cha wakulima. Akaniuliza jina.

"Kabula, babu."

"Ahaa! Msukuma!" Akawageukia watu kwenye foleni. "Jamani, Msukuma kaachiwa mashine. Ng'ombe umemwachia nani?"

"Nimemwachia Mnyamwezi, babu. Si nyie ndio wabeba mizigo wetu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, akagonga meza kwa kiganja. Basi ikawa tumeshakuwa watani rasmi. Nani hajui utani wetu na Wanyamwezi? Mtani atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, atachukua kofia yako aondoke nayo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Nimekuwa nikiwaza sana sheria hii. Ni sheria tamu, ila inahitaji mtu mwenye moyo safi kwa sababu haina askari.

Zile kaunta buku zilikuwa riwaya. Alikuwa ameiandika kwa mkono, mistari ikipandana kwa sababu ya macho, kwa hiyo badala ya mimi kusoma, yeye alikuwa anaikariri na mimi nachapa, kila siku baada ya swala ya adhuhuri, kwa miezi minne. Ilikuwa hadithi ya vita ya Mjerumani, wakati Mjerumani anarudi nyuma kupitia nchi yetu hii, askari wake mbele na wapagazi nyuma. Walikuwemo simba, madaraja ya kamba, jasusi aliyejifanya mganga, na ofisa mmoja mwenye jicho la kioo aliyenifanya nishindwe kula mayai kwa wiki nzima. Lakini mhusika mkuu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, Kapela, na Kapela alikuwa babu yake Mzee Mrisho mwenyewe, mzaa baba. Kila mzigo kwenye riwaya ile ulikuwa na uzito wake. Ningeandika "wakabeba masanduku ya risasi," mzee angenisimamisha: "Weka kilo ishirini na saba. Msomaji akijua kilo, shingo yake inauma. Asipojua, anasoma hewa."

Nilimuuliza siku moja kwa nini anahangaika hivyo na macho yale. Bi Zuhura alikuwa ametuletea sambusa nne kwenye karatasi ya mtihani wa mtu. Mzee akaila yake mpaka mwisho kwanza. Akasema: "Sisi kule Ugalla tunaitwa watu wa Mtupa-ndugu. Umeshalisikia?" Nikasema hapana. "Vizuri. Limebaki kwa wazee wachache. Kapela alichukuliwa upagazi pamoja na mdogo wake, Maganga. Alirudi peke yake. Wakasema alimtupa akakimbia. Baba yangu alikosa mke mara mbili kwa jina hilo. Nataka nife limeshakufa." Nikamwambia litakufa, babu, litakufa na litazikwa. Nilikuwa namaanisha. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi kama nilivyo mwepesi wa kucheka.

Mwezi wa tano wakaja watu wa televisheni kutoka Dar. Walifikia gesti karibu na stendi, wakawa wanatafuta mto, viboko na hadithi ya kale ya vita ili watengeneze tamthilia. Direkta wao aliitwa Beka, kijana mwenye miwani kichwani hata jioni. Alikuja dukani kutoa kopi za vibali, nami nikamsukumia riwaya yote chini ya vibali vyake. Sitasahau. Kesho yake alirudi akiwa hajalala, akaniita "mdogo wangu", akaniambia hiki kitu kina mzuka. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimekaa nao kwenye ukumbi wa gesti ile, viti vya plastiki, chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, nikiwasaidia kugeuza sura kuwa vipande vya kuigiza. Beka akaniahidi: jina langu litapita kwenye kioo. Msaidizi wa mwandishi.

Sasa hapa ndipo penyewe, na nitapaeleza taratibu maana nimepapita mbio mara nyingi. Tulifika kwenye sura ya mto. Katika kitabu, Maganga ana homa, hawezi kusimama, na ofisa ameamuru atakayeanguka aachwe. Kapela amebeba sanduku la risasi za bombomu, ile bunduki ya kufyatua mfululizo. Analitupa sanduku mtoni, anamweka mdogo wake begani, anaingia naye msituni. Anambeba siku kumi na moja. Maganga anafia mgongoni, na Kapela anamzika kwa kuchimba na sufuria. Beka akasoma, akashusha pumzi, akasema, "Nzito hii. Watu wanakaa mbele ya televisheni wameshachoka. Tangu mwanzo hakuna aliyecheka. Nipeni kitu cha kuchekesha." Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mcheshi wa meza.

Nikasema, "Nyie hamuwajui Wanyamwezi. Kumbeba ndugu? Labda ndugu awe gunia la karanga! Huyo angeona kiboko, angetua kila kitu, ndugu humohumo, angekimbia mpaka kilemba kibaki kinaning'inia kwenye mwiba." Nikainuka nikamwigiza: macho yamenitoka, magoti juu, nazunguka viti nikilia "Mama yangu we!" Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Beka alikuwa anafuta machozi. "Hapohapo," akasema. "Andikeni hivyohivyo alivyofanya."

Ulikuwa utani wa kila siku. Ningemtania mzee hivyohivyo usoni na angenijibu kwamba Msukuma angebaki pale akimswaga kiboko akidhani ni ng'ombe. Lakini utani unakaa kati ya watu wawili wanaojuana. Mimi niliutoa nyumbani nikaupeleka mbele ya watu wa Dar, wanaoandika kila kitu, na mbele ya mamilioni ambao hawajui kwamba mimi ni mtani wa mtu. Nililijua hilo wakati uleule. Nataka niseme ukweli. Nilikaa chini huku bado wanacheka. Nilikuwa na dakika nzima ya kusema, "Jamani hapana, nilikuwa natania, huyu mtu ana wajukuu." Beka akanigonga bega, akasema, "Una kipaji, mdogo wangu." Ile dakika ikapita.

Mzee alipaswa kukubali maandishi kabla ya kusaini mkataba wa kuwapa hadithi yake, na macho yake hayakuweza tena kusoma, kwa hiyo kazi ya kumsomea nikapewa mimi. Nilienda kwake asubuhi. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyosimama, na harufu ya uji wa ulezi aliokuwa anaupika Mwajuma, binti yake wa mwisho, aliyerudi nyumbani kumwangalia. Mzee alikaa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mizani. Nikasoma. Simba, daraja, jasusi. Nikafika kwenye mto. Ukurasa ulikuwa mbele yangu, na kiboko, na kilemba kwenye mwiba. Nikaufunika kwa kiganja, nikamsomea wa kwake, kwa kichwa, kwa sababu niliuchapa mwenyewe na nilikuwa naujua kama sala:

"Kapela alilipima sanduku mara ya mwisho kwa shingo yake, kilo ishirini na saba, akaliachia maji. Kisha akamwinua Maganga. Hakuwa na uzito wa kutaja. Njaa na homa vilikuwa vimeshambeba nusu. Kapela akasema, Mdogo wangu, Mjerumani ana masanduku mengi."

Nilisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Mzee alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Wameuacha kama ulivyo," akasema. "Hawajagusa hata neno." Nikasema, "Hawajagusa, babu." Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa uji. Mzee akatafuta kalamu kwa vidole, nikamshikisha, nikamwelekeza mkono mahali pa kusaini.

Walipiga picha mwezi wa nane, mto umepungua. Mzee aliletwa kwa gari siku moja, siku ya msafara, na siku ya mto nilihakikisha haletwi. Alipita kati ya waigizaji akigusagusa vitu. Akainua sanduku moja la risasi, la mbao nyepesi lililopakwa rangi ya kijani, likapanda juu kama tupu kwa sababu lilikuwa tupu. Akamwambia Beka kwa upole, "Mwanangu, watilie mchanga humu. Mtu aliyebeba boksi tupu, shingo yake inasema uongo." Beka akacheka, akaniangalia. Nikacheka na mimi.

Sehemu ya mto ilionyeshwa Jumapili, saa kumi jioni. Mzee aliwaita majirani wote na wazee wawili kutoka Ugalla, wale wale waliolijua jina la Mtupa-ndugu. Mwajuma alipika vitumbua, kahawa ikazunguka kwenye vikombe vidogo. Mzee alivaa kanzu mpya. Kiti chake kiliwekwa mbele kabisa, sikio likielekea kwenye televisheni, na mimi akanitaka nikae pembeni yake. "Msukuma wangu huyu," akawaambia wazee, "ng'ombe kawaacha porini ili aje kunichapia." Ningeweza kuumwa siku ile. Ningeweza kwenda popote. Lakini jina langu lingepita mwishoni, na nilitaka kuliona. Mungu anisamehe, nilitaka kuliona.

Ikaja. Kapela wa kwenye kioo akamwona kiboko, akatua sanduku, akamtua na ndugu yake kwenye tope, akakimbia magoti juu akilia "Mama yangu we!" kwa sauti ambayo ilikuwa ya kwangu kabisa. Sebule nzima ikalipuka. Watoto walianguka sakafuni. Mzee naye akatabasamu, maana kicheko kinaambukiza, akaniinamia.

"Wanacheka nini?"

"Wanamcheka kiboko, babu."

Nilisema hivyo. Hata pale, nilisema hivyo. Na jirani mmoja, mtu mwema asiyejua lolote, akasema kwa furaha, "Mzee Mrisho! Kumbe babu yako alikuwa na mbio! Kamwaga ndugu kwenye tope kama maji machafu!"

Wale wazee wa Ugalla hawakucheka. Mmoja akaweka kikombe chake chini, taratibu. Majina yakaanza kupita, na la kwangu likapita, herufi nyeupe, mtu akasoma kwa sauti "Kabula!" na wengine wakapiga makofi.

"Kabula," akasema mzee.

"Abee, babu."

"Ule ukurasa ulinisomea wewe."

Nilikuwa na maneno yote duniani. Nikachagua haya: "Ulikuwa utani tu, babu."

Niliona mdomo wake unatafuta pa kushika. Halafu akacheka, kicheko kifupi kikavu, cha mtu anayelipa kitu ambacho hakununua. "Haya," akasema. "Mtani hakasirikiwi." Akamwita Mwajuma anifungie vitumbua vya kwenda navyo. Nikavichukua. Mpaka leo sijui kwa nini nilivichukua.

Angenitukana ningepona. Lakini nilijificha nyuma ya utani, mahali pekee ambapo hakuwa na haki ya kunifuata, na yeye, mtu wa desturi, akauheshimu ule mlango. Jina lililokuwa limebaki kwa wazee wawili watatu likarudi mjini kwa miguu minne. Wauza nyanya walimwita Mzee Mbio. Vijana wa bodaboda, akipita na fimbo yake, walipandisha magoti juu wakilia "Mama yangu we!" na hawakuwa wabaya, walikuwa wanamsalimia. Aliacha kuja sokoni. Mwezi wa kumi na mbili niliacha kazi, nikahamia Sitalike. Watu wa Dar waliniita mara moja, sikupokea. Huo ndio ulikuwa mwaka wangu wa televisheni.

Keshokutwa ile nilienda. Khitma ilikuwa imesomwa, pilau imeliwa, na watu wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanangoja watani, maana matanga ya Mnyamwezi hayaanuliwi bila mtani kumwigiza marehemu. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, lakini mmoja akanitambua. "Si huyu? Si ndiye aliyetuletea tamthilia ya Mbio?" Wakanishika mikono, wakanisimamisha katikati. Mtu akanitwika gunia la maharage begani. "Kimbia, Msukuma! Mfanye Kapela!"

Nikasimama nalo. Lilikuwa zito kweli. Nikasema, "Kapela hakukimbia. Alimbeba ndugu yake siku kumi na moja. Mzee aliandika hivyo. Mimi ndiye niliyemwigiza anakimbia, wakaandika, na mzee nikamficha. Aliposaini alikuwa haoni, nami nilimsomea uongo."

Turubai likacheka. Walicheka kwa mahaba, wakigonga mapaja, kwa sababu mtani anapojitukana mwenyewe ndiyo utani wa hali ya juu. Nikasema tena, machozi yakanitoka, wakacheka zaidi: "Analia kabisa! Huyu anajua kazi yake!" Mwanamke mmoja akanifunga khanga kiunoni kunituza. Sijawahi kuogopa kicheko kama siku ile.

Mwajuma alikuja akanitua gunia. Uso wake ulikuwa umechoka na haukuwa na kicheko. Akanivuta mpaka pembeni ya jiko.

"Mimi nimekusikia," akasema.

"Mwajuma, dada yangu, nisa—"

"Usiniombe mimi. Mimi nilikuwa mlangoni siku ile, nilikuona umefunika karatasi kwa mkono, nikadhani unazuia upepo." Akafuta mikono kwenye upande wa khanga. "Waambie hao. Lakini si kwa pamoja, wakiwa pamoja watacheka. Mmoja mmoja. Mpaka wote."

Karibu na pipa la maji alikuwa amesimama yule jirani wa siku ya televisheni, amezeeka, ananawa mikono. Nikaenda nikashika kata, nikammiminia. Nikamwambia kuanzia mwanzo, bila kuigiza, bila kupandisha goti, mpaka kwenye sufuria ambayo Kapela alichimbia kaburi. Mara mbili aliinua uso kuona kama nitacheka. Maji yakaisha kwenye kata na mikono yake ikabaki imekingwa vilevile.

"Kumbe alimbeba?" akaniuliza.

"Alimbeba, baba."

Akatikisa kichwa. Kisha akaifuta mikono, nami nikachota maji tena, maana nyuma yake alikuwa anakuja mwingine.